Tuambieni wa mwisho kuingia alikuwa na pointi ngapi!

Mnisamehe kwa ukimya, majaribio yalikuwa yananikimbiza. Leo nilitaka kuwaletea visa vya foleni ya maji hapa hosteli, lakini vitasubiri. Jumamosi nilipanda Kibosho kumsalimia mama mdogo, na nimerudi chuoni na jambo limenikaa kooni.

Binti yake amemaliza kidato cha sita mwaka huu, PCB. Amepata C tatu. Kwa hesabu za udahili C ni pointi 3, kwa hiyo ana pointi 9. Matokeo yalipotoka Julai nilipigiwa simu mimi, manake ndiye ninayeitwa msomi wa ukoo. Nikafungua mwongozo wa udahili, nikasoma kwenye udaktari: Fizikia, Kemia na Baiolojia, angalau D kila somo, jumla pointi 6. Nikamwambia mama mdogo kwa sauti ya juu kabisa, "Wanataka sita, huyu ana tisa. Amepita!" Mpaka majirani wakasikia. Ndama akauzwa. Dogo akaomba udaktari vyuo vitatu, ada ya maombi akalipa mara tatu, kozi nyingine yoyote hakujaza. Ya nini wakati daktari tunaye?

Awamu ya kwanza, jina hakuna. Nikamwambia arudie hukohuko, huenda mtandao ulisumbua. Awamu ya pili, hakuna. Jumamosi nimemkuta kihambani anachuma kahawa, akaniuliza bila hata kuniangalia: "Kaka, kwani mimi nilifeli?"

Jamani, nilikosa la kusema.

Hakufeli. Kosa la kwanza ni langu na nalikiri hapa mbele yenu wote. Nilichanganya kigezo na nafasi. Kigezo cha chini kinakupa ruhusa ya kupanga foleni, basi. Tuseme kozi ina nafasi mia moja na wenye vigezo walioomba ni elfu mbili. Wataanza na wenye pointi 15, wale wa A tatu, watashuka chini taratibu mpaka viti viishe. Vikiishia kwa mwenye pointi 12, wa 9 jina lake halikufikiwa hata kujadiliwa. Hakuna aliyemwonea. Lakini pia hakuna aliyemwambia mapema!

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwongozo unakupa vigezo, unakupa na idadi ya nafasi. Namba moja tu ndiyo haumo, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote: mwaka jana, aliyeingia wa mwisho kwenye kozi hii alikuwa na pointi ngapi? Hiyo namba chuo kinayo, haiwezekani kuchagua watu bila kuijua. Sasa inafichiwa nini?

Mtoto wa mjini mwenye shangazi mhadhiri ataijua kwa simu moja. Ataambiwa, "Mwanangu, kwa pointi hizo weka chaguo moja la udaktari, mengine weka uuguzi au maabara." Mtoto wa Kibosho, wa Uru, wa Rombo, ataambiwa na mtu kama mimi, "Amepita!" Kwa hiyo siri hii haimkati kila mtu sawa. Wote tunafanya mtihani mmoja wa NECTA, lakini wengine wanaomba chuo wakiwa wamefumbwa macho.

Tena tukumbuke utaratibu ulivyobadilika. Kuanzia 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 mwombaji anapeleka maombi chuo kimojakimoja na kulipa kimojakimoja. Sawa, uhuru wa kuchagua ni mzuri. Lakini kuchagua bila taarifa ni kamari tu, na hela ya kamari yenyewe ni ndama wa mama mdogo.

Najua watakaosema pointi hubadilika kila mwaka, mkizitangaza mtawapotosha watoto. Wee! Moshi ni mji wa mnada wa kahawa. Bei ya msimu uliopita inajulikana, ya msimu huu hakuna anayeijua, na hakuna mkulima anayeomba afichwe ya zamani eti itampotosha. Anaisikia, anapiga hesabu zake, anapanga. Wengine watasema watoto watakata tamaa. Kwani huyu niliyemkuta kihambani ana tamaa gani imebaki?

Halafu siyo kwamba naota ndoto. Vuka mpaka hapo Holili, umeingia Kenya. KUCCPS, chombo chao cha kupanga wanafunzi vyuoni, humwonyesha mwombaji pointi za mwisho za miaka iliyopita kozi kwa kozi. Nenda Uganda, Makerere hutangaza pointi za mwisho za kila kozi. Mbingu haijawaangukia.

Wazee wa huku mlimani watawaambia kitu kingine. Miaka ya 1970 na 1980 serikali iligawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa. Mtoto wa Kilimanjaro aliweza kufaulu vizuri na bado akabaki nyumbani. Iliwauma sana. Lakini ilikuwa inajulikana, na kwa kuwa ilijulikana, wazazi walichangishana wakajenga sekondari zao wenyewe. Mtu akiambiwa mlango ni mwembamba atatafuta njia. Ukimwambia uko wazi, atajigonga tu.

Basi ombi langu ni fupi. Kila Julai, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, kila chuo kitangaze kwa kila kozi: waliomba wangapi, walichukuliwa wangapi, wa mwisho alikuwa na pointi ngapi. Miaka mitatu ya nyuma. Ukurasa mmoja unatosha.

Na sisi tunaosomea ualimu tuache uvivu. Mwakani nitasimama mbele ya darasa, na mtoto atakuja na matokeo yake kuniuliza ana nafasi gani. Sitaki kumjibu tena kwa kusoma vigezo.

Wakati tunawasubiri wakubwa, tuanze wenyewe. Wewe uliyeko chuoni, waambie wadogo zako huko shuleni uliingia na nini. Naanza mimi: ualimu, HGL, pointi 7, awamu ya pili.

Dogo nimemwambia hakufeli. Mama mdogo bado sijamwambia yule ndama aliliwa na nani.

Nawasilisha.