Hatukuwa na Bahati, Tulihudumiwa Tu

Nikiwaambia watu vile mpwa wangu alitibiwa usiku mmoja mwezi uliopita, napata jibu moja kati ya mawili. "Mlikuwa na bahati." Ama, "Kwani mnajuana na nani huko?" Hatujui mtu. Na hiyo ya bahati, wacha tuiongelee.

Stori yenyewe ni fupi. Mtoi ana miaka minne na ana pumu. Saa nane usiku kifua kilikaza, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mimi, dadangu na mamangu tukachukua boda mbili hadi kituo cha afya cha kaunti hapa Eastlands, moja ya zile hazifungwi usiku. Jina sitaji, mtasema nimelipwa.

Mlangoni nesi hakuuliza kitambulisho wala pesa. Aliangalia kifua cha mtoto, akamwambia mamangu, "Shosho, mlete hapa kwanza. Hayo mengine tutaandika baadaye." Akahesabu pumzi, kisha akamwambia mtoi, "Boss, nipe kidole." Kale kadude ka kupima oksijeni kakasoma 90. Hata hatujakaa chini, maski ilikuwa usoni na dawa ya mvuke inaingia. Wakarudia baada ya dakika ishirini, halafu ishirini zingine.

Alipotulia, afisa wa kliniki alikaa na dadangu. Alichukua chupa ya soda ya nusu lita, akakata tundu pale chini, akachomeka inhela hapo, kisha akamwonyesha mtoto kupumua kupitia mdomo wa chupa. Akaeleza kwamba hivyo dawa inafika kwa mapafu badala ya kuishia kwa ulimi. Halafu akasema, "Sasa wewe nionyeshe." Dadangu akarudia mara mbili. Akaulizwa kama tunachoma dawa ya mbu ya moshi kwa nyumba, na kama tunapikia jiko ndani. Akaambiwa dalili za kurudi mbio: mtoto akishindwa kuongea ama kunywa, ama midomo ikibadilika rangi. Kufikia saa kumi na moja alfajiri oksijeni ilikuwa 97 na mtoi anaitisha chai.

Sasa pitia hiyo orodha polepole. Kumwangalia mgonjwa kabla ya kuangalia pesa. Kuongea na mtoto kama mtu. Kueleza mzazi kinachoendelea. Kuhakikisha ameelewa kabla hajatoka. Chupa ya soda. Ni gani hapo inahitaji bahati?

Hata Katiba haisemi bahati. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: hospitali yenye uwezo wa kutoa huduma ya dharura ikikataa, inaweza kupigwa faini ya hadi shilingi milioni tatu. Na hiyo ni kwa hospitali za serikali na za kibinafsi. Kwa hivyo ukisimamishwa mlangoni na mtu anayepigania pumzi, ukaambiwa "lipa kwanza," hiyo si sera ya hospitali. Hiyo ni kuvunja sheria.

Najua kuna mwenye atasema, "Wewe ulienda siku moja, mimi nilitumwa kununua glavu usiku." Nakuamini kabisa. Ndiyo maana sisemi hospitali zetu ziko sawa. Nasema hivi: kama kituo kimoja cha kaunti kinaweza, kile kingine hakina sababu. Na tukiita huduma nzuri bahati, tunakipa hicho kingine ruhusa ya kuendelea vile kilivyo.

Pia tukumbuke nesi mzuri bila oksijeni kwa mtungi atakushika mkono tu. Hawa wahudumu ndio wale tunaona barabarani na filimbi. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, na wengi wetu tulichofanya ni kulalamika foleni. Afya iko chini ya kaunti tangu 2013. Bajeti ya dawa, oksijeni na mishahara inapitishwa na MCA wako, yule mnampigia makofi akileta jezi za mpira.

Kwa hivyo, watu wangu, mambo matatu. Kwanza, hakikisha nyumba yenu yote imesajiliwa SHA. Piga *147#, usingoje mtu augue. Pili, jua kituo gani karibu na kwenu kiko wazi usiku, na namba ya boda wa kuaminika. Uliza leo, kukiwa mchana. Tatu, kaunti ikiita mkutano wa bajeti, nenda uulize swali moja tu: kituo chetu kina oksijeni na nesi wa usiku?

Na ukihudumiwa vizuri, sema. Lakini usiishie "Mungu ni mwema, tulipata watu wazuri." Taja walichofanya, hatua kwa hatua, ndio mwenye atahudumiwa vibaya kesho ajue alichonyimwa.