"Mtu Wetu" Ofisini

Liko neno moja dogo ambalo siku hizi lasikiwa hapa Kenya barazani, sokoni, na hata mlangoni mwa kanisa watu watokapo ibadani, nalo ni hili: "Safari hii tumepata mtu wetu." Wasemao hufurahi, nao aghalabu ni watu wema. Lakini mimi nataka kulipinga neno hilo, maana naona lawadhuru wale wale walisemao.

Sheria hatukupungukiwa. Baada ya damu iliyomwagika kwa ajili ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, Bunge lilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ikakataza taasisi yoyote ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wake kutoka kabila moja. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 232, yaagiza kwamba utumishi wa umma uwe na sura ya jamii zote za nchi. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yasema kwamba katika kazi za kuanzia, nafasi 30 kati ya kila 100, kwa uchache, wapewe wasio wa kabila lililo kubwa pale.

Haya ndiyo yaliyoandikwa. Sasa tutazame yaliyotendwa. Mwaka 2011 Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa hesabu ya watumishi wa serikali, ikaonekana kwamba karibu 4 katika kila 10 walitoka katika makabila mawili tu, nayo ndiyo makabila yaliyotoa marais wetu wote tangu uhuru. Makabila zaidi ya 20, kila moja halikufikia hata mtumishi 1 katika 100. Najua kwamba baadhi ya hayo ni makabila madogo, wala sidai kwamba kila kabila lipate sawa na jingine. Lakini yale mawili yalikuwa na fungu lililozidi hesabu ya watu wao, na fungu hilo lilitoka katika sahani ya mtu mwingine.

Tukalia sana kwamba Nairobi yala peke yake. Mwaka 2013 kaunti 47 zikaanza kazi, kila mmoja akapewa chungu chake apike mwenyewe. Je, tulipikaje? Mwaka 2016 Tume ile ile ilizikagua kaunti, ikakuta kwamba kaunti 15 tu ndizo zilizotii, na zile 32 zilikuwa zimeandika zaidi ya watu 70 katika kila 100 kutoka kabila moja. Sijui nilieleze jambo hili namna gani pasipo kuona haya. Yale tuliyowalaumu wakubwa kwa miaka 50, tulichukua miaka mitatu kuyajifunza.

Labda mtu ataniambia, "Mwalimu, acha makabila. Kazi apewe mwenye elimu na ustadi, basi." Neno zuri, nami ningelikubali mara moja kama ndilo lifanyikalo. Lakini sote twajua desturi iliyoko. Nafasi hutangazwa kwa karatasi ibandikwayo ukutani siku chache, na jamaa wa wenye ofisi wamekwisha kupigiwa simu juma zima kabla yake. Kijana wa mbali huuza kuku ili apate nauli na pesa za kunakili vyeti, naye afikapo mbele ya wenye kumhoji huulizwa jina la baba yake kabla ya kuulizwa kazi. Ustadi hapo umepimwa saa ngapi? Wanaouita ustadi kuwa ngao yao ndio waliokataa kuupima.

Tena wazee wetu walitendewa haya zamani. Chini ya Waingereza, asiye Mzungu aliyekuwa na elimu ile ile na kazi ile ile alilipwa sehemu 3 tu kati ya 5 za mshahara wa Mzungu. Tume ya Holmes ya 1948 ilitazama kanuni hiyo ikaikubali, wala haikukosa sababu za kuitetea. Ikangojewa Tume ya Lidbury ya 1954 ndipo ikaondolewa. Wenye kula hawakosi sababu, nasi tusijidanganye kwamba sababu zetu ni nzuri kuliko zao.

Na hiyo elimu yenyewe ilitoka wapi? Shule za kwanza zilifuata misheni na reli. Mahali ambapo misheni na reli havikufika, kama Wajir na Mandera, shule zilichelewa sana. Kisha mwaka 1965 serikali yetu wenyewe iliyo huru iliandika, katika Waraka wa Kikao Nambari 10, kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza penye ardhi njema, mvua na njia za usafiri. Basi mtoto wa mahali pakavu alinyimwa shule, na aombapo kazi aambiwa hana shule. Na wengine wamenyimwa hata cheti cha kuwa mtu wa nchi. Wamakonde wa Kwale, ambao wazazi wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi mashambani, walikaa bila vitambulisho mpaka walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016, ndipo wakahesabiwa raia. Asiye na kitambulisho hawezi hata kuomba kazi, wacha kuipata.

Wengine husema kwamba mwenyeji ajua lugha ya wagonjwa na wakulima, na hii ni haja ya kweli. Bibi mzee aendaye zahanati yampasa aeleweke. Lakini watu wa Marsabit watajibu nini, kwao walipo Waborana, Wagabra, Warendille, Waburji na wengineo? Lugha ya nyumbani huko ni lugha ya nyumba ipi? Haja ya lugha yatetea kuandikwa watu wa makabila mengi, nasi twaitumia kuandika wa kabila moja.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa chakula, manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwaambia kwamba wagawaji walikuwa wastadi. Walichaguliwa watu saba, na ukisoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Walionung'unika ndio waliowekwa mezani.

Sasa nirudi kwa "mtu wetu," maana hapo ndipo nilipotaka kufika. Tuseme kijiji kina nyumba 400, na kwa upendeleo wa kabila vijana watatu wamepata kazi katika kaunti. Nyumba tatu zimepata mshahara. Nyumba 397 zimepata nini? Zimepata furaha ya kusema "wetu," nazo zimelipia furaha hiyo kwa bei kubwa mno. Kwa maana dawa zikikosekana zahanati, karani akitaka chai kabla ya kupiga muhuri, daraja likijengwa kwenye vitabu tu, ni nani atakayesema? Ukisema, wazee watakukemea: "Nyamaza, usimwaibishe mtu wetu mbele ya wageni." Mtumishi wa kabila jingine tungemshitaki siku ile ile, lakini huyu wetu twamfunika nguo. Ndivyo watu wa kabila lililopendelewa walivyopoteza haki ya kulalamika, na wakubwa wajua hayo vizuri kuliko sisi. Wamewapa watatu kazi, wakanunua ukimya wa kijiji kizima. Yule kijana wa mbali aliyeuza kuku amenyang'anywa haki yake, naye ajua amenyang'anywa. Nyumba 397 hazijui.

Kwa hiyo nawasihi, msipeleke tena ujumbe wa wazee kwa gavana kuomba "fungu letu." Pelekeni barua. Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaonyesha njia. Iulizeni Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti yenu: mwaka huu nafasi zilikuwa ngapi, zilitangazwa wapi na kwa siku ngapi, walioomba ni wangapi, walioandikwa ni wangapi, na katika hao wangapi si wa kabila lililo kubwa. Barua hiyo haizidi ukurasa mmoja. Asiyeweza kuiandika na aende kwa mwalimu wa shule iliyo karibu naye, wala asikubali kutozwa kitu.