Kimbunga kikiwa njiani
Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilipotangaza kwamba Kimbunga Hidaya kinaelekea pwani yetu, hapa Nambambo, Nachingwea, kazi ya uandishi iligeuka kuwa kazi ya kuchaji simu. Madaftari niliyafunga kwenye mfuko wa salfa ya mikorosho, ambao bado unanuka, nikayapandisha juu ya kabati. Kila aliyepita aliniuliza, “Mwandishi, wanasemaje huko?” utadhani upepo naupanga mimi. Vijana walicheka; walikumbuka Kimbunga Jobo cha 2021, kilichofifia kabla ya kutufikia. Wazee hawakucheka, maana kimbunga cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi kweli. Mimi nilihofia zaidi ufuta: ukishavuna ukausimamisha ukauke, mvua ya siku mbili inatosha kukuharibia msimu. Niliandika sentensi, nikatoka kutazama mawingu, nikarudi kuifuta. Tarehe 4 Hidaya ikatua kisiwani Mafia, ikaishiwa nguvu. Kilichotuuma ni barabara ya kutoka Dar kukatika Somanga: makala yangu ilikwenda Dar kwa simu, lakini bidhaa za dukani zilisubiri malori.