2147483647: Nambari Tasa ya Kuheshimiwa

Oktoba 2024 wapenzi wa hisabati walishangilia nambari tasa yenye tarakimu 41,024,320, kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejulikana. Safi sana. Lakini kwa maoni yangu, mwandishi wa programu hapa Kenya anamhitaji zaidi ndugu yake mdogo wa tarakimu 10 tu: 2,147,483,647.

Nambari tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ili kuipata hii, chukua 2 thelathini na moja, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Ithibati ya Leonhard Euler kwamba ni tasa ilichapishwa 1772. Hakuwa na haja ya kupita 46,340, maana 46,341 mara 46,341 tayari inaizidi. Tena alijua kigawanyo chake chochote, kikigawanywa kwa 62, lazima kibakishe 1. Kanuni nyingine ikaondoa karibu nusu ya waliosalia. Ikabaki migawanyo isiyozidi 372. Bila tarakilishi!

Katika tarakilishi, huo ndio mwisho wa nambari kamili ya biti 32: biti moja inashika alama ya chanya au hasi, 31 zinabaki. Kuwa tasa hapo ni sadfa tu. Mwisho wa biti 16, yaani 32,767, ni 7 × 31 × 151. Lakini sadfa hii ina faida. Mwaka 1988 Park na Miller walipendekeza mbinu ya nambari nasibu: zidisha kwa 16,807, gawanya kwa tasa yetu, chukua baki. Kwa kuwa ni tasa, unapitia nambari 2,147,483,646 kabla ya kurudia hata moja.

Sasa tufike nyumbani. Nambari ya simu ya Kenya inayoanza na 254 inapita bilioni 254. Iweke kwenye safu ya INT ya MySQL iliyozimwa ukali wake, nayo itaikata kimya kimya hadi 2147483647. Nimeona orodha ya wateja wa duka moja, wote wana simu hiyo hiyo! Nambari za kweli zimepotea na hazirudishiki. Je, wangekuwa wagonjwa wa zahanati wanaongoja majibu?

Kuna wanaosema hisabati ni ya vyuoni, wao ni watu wa kodi tu. Sikubali. Anayejua nambari hii ni nini ataitambua mara moja akiiona kwenye jedwali. Asiyeijua atadhani ni simu ya mtu.

Basi, simu ihifadhiwe kama maandishi. Hakuna anayejumlisha simu mbili! Na mifumo inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 irekebishwe mapema. Itagonga ukuta huu huu tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu. Euler ametupa notisi ya kutosha.