Homoni za uzazi na ubongo: Onyo laondolewa, swali labaki

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitangaza Novemba 2025 kuwa inaanza kuondoa maonyo makali yaliyowekwa kwenye dawa za homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi. Miongoni mwake ni lile lililozihusisha dawa hizo na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Onyo hilo lilitokana na utafiti uliochapishwa Mei 2003. Wanawake 4,532 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waligawanywa mafungu mawili, moja likapewa estrojeni na projestini, jingine vidonge visivyo na dawa. Katika muda wa miaka takriban minne, waliotumia homoni 40 walionekana kupatwa na maradhi hayo, dhidi ya 21 wa fungu la pili.

Matokeo hayo yaliwashangaza wengi, kwani katika maabara estrojeni ilikuwa imeonyesha kuzisaidia seli za neva kutumia sukari na kuungana. Isitoshe, takriban theluthi mbili ya wagonjwa wa Alzeima nchini Marekani ni wanawake, japo sehemu ya tofauti hiyo inatokana na wao kuishi muda mrefu kuliko wanaume.

Kasoro ilikuwa kwenye umri. Wanawake wengi hukoma hedhi wakikaribia miaka 50 au muda mfupi baadaye, lakini hofu iliyopatikana kwa bibi wa miaka 70 ilibebeshwa mwanamke wa miaka 51 anayekosa usingizi kwa joto la mwili. Kwa hilo, kuondolewa kwa onyo kuna haki.

Hata hivyo, madai kwamba homoni zikianzwa mapema huzuia Alzeima ni jambo jingine. Yanategemea zaidi kufuatilia wanawake waliojichagulia dawa hizo, na hao mara nyingi huwa na elimu, kipato na afya bora tangu awali. Jaribio la Marekani lijulikanalo kama KEEPS liliwapa homoni kwa miaka minne wanawake waliokuwa ndani ya miaka mitatu tangu kukoma hedhi. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2024, karibu miaka 10 baada ya dawa kusimamishwa, haukukuta madhara wala faida kwa kumbukumbu.

Hali ni tofauti kwa walioondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji wakiwa bado vijana. Watafiti wa Mayo Clinic walionyesha mwaka 2007 kuwa hatari yao ya kudhoofika akili uzeeni ni kubwa zaidi, na kwao hoja ya kurejeshewa homoni ina uzito.