Ufundishaji wa Itifaki za Mtandao: Waraka na Programu Visitenganishwe

Somo la itifaki za mtandao wa kompyuta aghalabu hufundishwa kwa kukariri. Mwanafunzi huchorewa tabaka saba ubaoni, akazinakili, akazitaja kwa mpangilio siku ya mtihani, na mwalimu akaridhika. Hatuupingi mchoro huo. Msafiri anahitaji ramani. Tunalopinga ni kumwacha mwanafunzi aamini kwamba kiwango kikishaandikwa kazi imekwisha, na kwamba mwandishi wa programu ni karani tu wa kunakili alichoagizwa. Mfano mmoja watosha kuonyesha upungufu wa imani hiyo.

Itifaki ya TCP, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba data inafika kamili na kwa mpangilio wake, ilielezwa katika waraka RFC 793, uliohaririwa na Jon Postel na kutolewa Septemba 1981. Katika mifumo-endeshi mingi itifaki hiyo hutekelezwa ndani ya kiini cha mfumo, yaani keneli. Kichwa cha kila kipande cha TCP kina nafasi ya biti 16 iitwayo kielekezi cha dharura, ambayo huonyesha data ya dharura inaishia wapi. Je, huonyesha baiti ya mwisho ya dharura, au ile inayoifuata? Waraka ulijibu mara mbili, na majibu yakapingana. Mahali pamoja ulisema ni baiti inayofuata. Mahali pengine, palipoelezwa hatua za kutuma, hesabu yake ilitoa baiti ya mwisho.

Mwandishi wa keneli hawezi kutekeleza yote mawili. Mifumo ya BSD, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilishika maana ya kwanza, na mingine mingi ikaifuata. Oktoba 1989 waraka RFC 1122 ukaamua kwamba sahihi ni maana ya pili. Hata hivyo keneli nyingi hazikubadilika, kwa sababu anayebadilika peke yake haelewani tena na wenzake. Hatimaye, Januari 2011, waraka RFC 6093 ulikirekebisha kiwango kifuate mazoea ya keneli. Na RFC 9293, uliochukua nafasi ya RFC 793 mnamo Agosti 2022, ukaushika uamuzi huo.

Asidhani mtu kwamba haya ni mabishano ya baiti moja tu. RFC 793 haukumwagiza mtumaji apunguze vipi mwendo njia inaposongamana. Oktoba 1986, baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu jirani, umbali usiofika mita 400, kasi ya mawasiliano ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Dawa ilipatikana katika keneli ya BSD, kwa kazi ya Van Jacobson na Mike Karels; ndipo RFC 1122 ukaifanya kuwa sharti kwa wote. Kumbe waraka huifundisha programu, na programu nayo huufundisha waraka.

Wako watakaosema kwamba msimbo wa keneli ni mgumu mno kwa wanaoanza. Ni kweli, ikiwa twawataka wausome wote. Lakini kipande kimoja kilichochaguliwa vema hakimshindi mwanafunzi. Twapendekeza vipindi viwili viendeshwe hivi:

(a) Wanafunzi wasome maelezo yote mawili ya RFC 793, kisha wapewe kipande kinachoanza na baiti nambari 100, ambacho dharura yake inaishia baiti nambari 104. Waulizwe kielekezi kitabeba nambari gani. Wengine watapata 4, wengine 5. Mwalimu asiwahi kuamua.

(b) Waifungue faili tcp_input.c ya keneli ya Linux na kuutafuta mstari unaopunguza moja kutoka kwenye kielekezi, isipokuwa pale swichi iitwayo tcp_stdurg imewashwa. Kwa kawaida swichi hiyo huwa imezimwa. Waeleze wenyewe kwa nini ipo.

(c) Kila mmoja aandike aya moja ya hoja: mwaka 1989, nani alistahili kumfuata mwenzake, waraka au keneli?

Swali la mwisho halina jibu la kukariri, na hiyo ndiyo faida yake. Mwalimu atakayefuata njia hii huenda akachelewa kuzimaliza tabaka saba. Lakini mwanafunzi wake, siku atakapokabidhiwa waraka mpya autekeleze, atausoma akitafuta mahali ulipojipinga na mahali uliponyamaza. Aliyekariri tu atapapita mahali hapo bila kupaona, na watakaoumia ni wale watakaoitumia programu yake.