Hatua dhidi ya ugaidi katika Kanda ya Ziwa (Tanzania)

Hatua dhidi ya ugaidi katika Kanda ya Ziwa ni sehemu ya juhudi za serikali ya Tanzania, Jeshi la Polisi na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) za kukabiliana na ugaidi wa kimataifa, kama zilivyoonekana katika mikoa ya Shinyanga, Geita na Mwanza. Mikoa hiyo haipakani na Somalia wala Msumbiji, na mashambulizi makubwa yanayokumbukwa zaidi yalitokea mbali nayo: Dar es Salaam, Pwani na Mtwara. Hata hivyo jina la kanda hii linajitokeza katika karibu kila hatua ya historia hiyo.

Kwa mkazi wa Didia, kata ya Wilaya ya Shinyanga Vijijini iliyopo kwenye barabara ya kutoka Shinyanga mjini kwenda Tinde, ugaidi ni habari ya redioni. Ujambazi anaujua. Tofauti kati ya maneno hayo mawili si ya lugha tu. Neno linaloandikwa kwenye hati ya mashtaka ndilo linaloamua kama mtuhumiwa atapata dhamana, na neno linalotumiwa na viongozi huamua mara nyingi kama tukio litaachiwa polisi wa wilaya au litakuwa suala la taifa.

Ajali ya MV Bukoba

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba ikielekea Mwanza, ilizama karibu na bandari ya Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa. Mmoja wao alikuwa Mmisri aliyejulikana kama Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa waanzilishi wa al-Qaeda na mkuu wake wa mambo ya kijeshi. Wenzake waliokuwa Nairobi, akiwemo Wadih el-Hage aliyejihusisha na biashara ya vito, walikwenda Mwanza kuthibitisha kifo chake. Nafasi yake ilichukuliwa na Mohammed Atef.

Umma ulikuja kulielewa jambo hilo baadaye, kupitia kesi zilizosikilizwa New York. Wakati wa msiba wenyewe taifa lilikuwa likihesabu maiti. Miaka miwili kabla ya bomu la Dar es Salaam, kiongozi wa juu wa mtandao huo alikuwa akisafiri ziwani kama abiria yeyote.

Mlipuko wa 1998 na Sheria ya Kuzuia Ugaidi

Tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi, gari lenye mabomu lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam na kuua watu 11. Wakati uleule Nairobi walikufa zaidi ya 200. Marekani ilijibu kijeshi tarehe 20 Agosti kwa kurusha makombora Sudan na Afghanistan. Tanzania haikuwa na mahali pa kurusha kombora. Ilichoweza kufanya ni kushirikiana katika upelelezi.

Washtakiwa wawili kutoka Zanzibar waliishia mahakamani Marekani kwa njia tofauti. Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town mwaka 1999 na kukabidhiwa kwa Wamarekani. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba kumkabidhi bila ahadi ya kutomwua kulivunja katiba. Baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha. Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akashikiliwa Guantanamo, kisha mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama la New York likamkuta na hatia katika kosa moja kati ya zaidi ya 280. Naye alipewa kifungo cha maisha.

Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, wakati dunia nzima ilikuwa ikitunga sheria za namna hiyo baada ya Septemba 11. Sheria ina tafsiri pana ya kitendo cha kigaidi na inawapa polisi madaraka makubwa ya kukamata na kupekua. Kinachoumiza zaidi wanaoshtakiwa kipo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: kosa la ugaidi halina dhamana. Mshtakiwa hubaki mahabusu hadi kesi iishe, hata kama upelelezi unachukua miaka.

Masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar waliokuwa wakishtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam walitoka gerezani Juni 2021 baada ya mashtaka kufutwa. Hakuna hukumu iliyotolewa kwa miaka yote waliyokaa ndani. Mwezi uliofuata, usiku wa kuamkia kongamano la katiba, mwenyekiti wa CHADEMA Freeman Mbowe alikamatwa Mwanza na baadaye kushtakiwa kwa makosa ya ugaidi. Mkurugenzi wa Mashtaka aliiondoa kesi hiyo tarehe 4 Machi 2022. Kwa watu wengi wa Kanda ya Ziwa hii ndiyo mara pekee ambapo sheria ya 2002 iliwafikia karibu, na aliyekamatwa alikuwa mwanasiasa.

Ujambazi au ugaidi

Septemba 2014 watu wenye silaha walivamia usiku kituo cha polisi cha Ushirombo, Wilaya ya Bukombe, mkoani Geita. Waliua polisi wawili na kuondoka na bunduki za kituo. Tukio lilitangazwa kuwa la ujambazi, na katika ukanda wa machimbo ya dhahabu maelezo hayo yalieleweka kwa urahisi, kwa kuwa silaha za kuvamia wanunuzi wa dhahabu na mabasi hazikuwa jambo geni.

Yaliyofuata yalifanya watu waulize upya. Februari 2015 polisi na JWTZ walipambana na kundi lenye silaha katika eneo la mapango ya Amboni, Tanga, na askari mmoja wa jeshi akafa. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa na silaha zikaporwa. Polisi wanne waliuawa. Halafu ukaja Kibiti. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa barabarani, na wenyeviti wa vijiji na viongozi wa chama tawala waliendelea kuuawa mmoja mmoja. Serikali iliunda kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji na kuzuia pikipiki kutembea usiku. Kwa muda mrefu viongozi walisema ni wahalifu tu.

Kuna sababu ya kutumia neno hilo. Kuita kundi la kigaidi ni kulipa sifa linayoitafuta, na ni kutisha watalii na wawekezaji. Lakini lina gharama pia: raia hawaelezwi wanapambana na nini, na kinachofanywa na vyombo vya dola hakichunguzwi. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji ya Kibiti, alitoweka Novemba 2017. Hajapatikana.

Sungusungu

Usukumani na Unyamwezini ulinzi wa kijiji una historia ndefu kuliko sheria yoyote ya ugaidi. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978-1979 bunduki zilisambaa, wizi wa mifugo ukawa wa kutumia risasi, na polisi walikuwa wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia upande wa Kahama, wanavijiji walijipanga kwa pinde na mishale wakaitwa sungusungu. Mwano ukipigwa, kila mwanamume alipaswa kutoka. Serikali ilisita mwanzoni, kisha ikawatambua kisheria mwaka 1989.

Nguvu ya sungusungu ni kwamba mgeni anajulikana kabla jua halijazama. Udhaifu wake ni uleule. Walioadhibiwa bila mahakama ni wengi, wakiwemo wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi. Anayesema kwamba ugaidi utazuiwa na macho ya kijiji asisahau kwamba Kibiti waliolengwa walikuwa hasa wale waliokuwa macho ya serikali kijijini.

Jeshi nje ya mipaka

Uganda ilipeleka askari Somalia mwaka 2007 na Kenya ikavuka mpaka Oktoba 2011. Zote zilipigwa nyumbani: Kampala mwaka 2010, Westgate mwaka 2013, Garissa mwaka 2015. Tanzania haikupeleka jeshi la kupigana Somalia.

Mashariki mwa Kongo ilikuwa tofauti. Tanzania ilitoa askari, na kamanda wa kwanza, James Mwakibolwa, kwa kikosi cha mashambulizi cha Umoja wa Mataifa cha mwaka 2013. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa na watu walioaminika kuwa wa ADF. Walinda amani 15 wa Tanzania walikufa.

Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado walivuka Mto Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa Tanzania na Msumbiji walisaini makubaliano ya ushirikiano. Julai 2021 JWTZ ilijiunga na kikosi cha SADC nchini Msumbiji, na kikosi hicho kilipofungwa Julai 2024, askari wa Tanzania walibaki wilayani Nangade kwa makubaliano ya nchi mbili.

Dhahabu na fedha

Upande wa fedha hauonekani sana, ila ndio unaogusa Geita kila siku. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Fedha Haramu ya mwaka 2006, wafanyabiashara wa madini ya thamani ni miongoni mwa wanaotakiwa kutoa taarifa za miamala ya shaka. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019 kwa lengo la kukusanya kodi na kuzuia utoroshaji, lakini pia liliacha kumbukumbu za nani ameuza na nani amenunua. Oktoba 2022 chombo cha kimataifa cha kudhibiti fedha haramu na ufadhili wa ugaidi, FATF, kiliiweka Tanzania katika orodha ya kijivu. Iliondolewa Juni 2025.

Dhahabu inayouzwa pembeni ya duara au mwaloni, kwa fedha taslimu na kwa broka anayefahamika kwa jina la utani, haiingii katika kumbukumbu hizo hadi mtu aifikishe sokoni.